Nani Atamwendesha Shangazi?

11 Agosti, Jumapili

Daftari hili si langu. Kwa miaka kumi na tisa limekuwa la mume wangu Fidencio, naye huandika humo mambo matatu tu: tumetoka saa ngapi, tumejaza mafuta wapi, na nani kakosea njia. Anayekosea njia huwa ni mimi. Leo baada ya misa kalitupa mapajani mwangu na kusema, "Mwaka huu andika wewe, kizee. Mwandiko wako unasomeka." Hajawahi kuusifu mwandiko wangu tangu tuoane. Nimelipokea kwa mashaka.

Haya, tuanze. Mwezi uliopita daktari wa macho kamkataza Fidencio kuendesha gari. Katikati ya macho yake panachakaa, yote mawili, na dawa ya kuparudisha hakuna. Marufuku usukani, hata kwenda kununua maziwa. Mtu aliyezunguka njia za vumbi miaka thelathini na nne akikagua visima vya gesi, sasa anakaa kiti cha abiria na mikono magotini. Daktari kasema hajui mwakani kitabaki nini.

Na sisi kila mwaka, majani yakianza kugeuka rangi, huwa tunaondoka. Kwanza tunashuka jangwani, Bluff, kwenye mawe mekundu. Halafu tunapanda kupitia mji wa Dolores mpaka mlima wa Lizard Head kuitazama miti ya aspeni ikiwa manjano tupu. Nafasi ya kambi ya mlimani Fidencio aliiwahi tangu Machi, kwenye kompyuta, dakika ileile walipofungua maombi: tarehe 27 na 28 Septemba. Tarehe 30 kambi inafungwa na maji yanakatwa kabla mabomba hayajaganda. Kwa hiyo hakuna kuahirisha. Ama tunakwenda siku hizo, ama Fidencio hataiona ile miti mwaka huu, na mwakani huenda kusiwe na jicho la kuionea.

Kilichobaki ni nani atamwendesha Shangazi.

Shangazi ni gari letu la kulala. Ana urefu wa futi ishirini na tisa, kitanda, jiko, choo na meza ya kulia. Tulimwita hivyo kwa sababu ni mnene, ana makelele, na akiona mlima tu huanza kulalamika. Sijawahi kumwendesha hata hatua moja.

12 Agosti

Mvua ya alasiri. Nimepita karibu na Shangazi mara mbili. Sikumgusa.

14 Agosti

Corina amepiga simu kutoka Albuquerque. Ndiye mtoto wetu wa pekee, na ana tabia ya kutuamulia.

"Mama, muuzeni Shangazi. Kuna mtu hapa kazini anatafuta gari kama lile."

"Tunakwenda mlimani."

"Nani ataendesha?"

"Mimi."

Akacheka. "Mama, wewe hata gari dogo unaliegesha kwa maombi!"

Nilimkatia simu. Aliyoyasema ni kweli, lakini hayo si maneno ya kumwambia mama yako.

17 Agosti

Wendell, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, kajitolea kunifundisha. Ni mtu wa Texas. Kila kitu anakijua, na asichokijua anakueleza kwa sauti kubwa zaidi. Miaka yote hii nimekuwa nikijificha jikoni nikimwona anavuka barabara. Leo nimekaa naye saa mbili nzima kwenye uwanja wa maonyesho, hakuna pa kujificha.

"Kioo, jirani! Tazama kioo!"

"Naangalia!"

"Unaniangalia mimi! Mimi si kioo!"

Somo la kwanza ni kwamba ukikata kona kulia, makalio ya Shangazi yanakwenda kushoto. Somo hilo nimefundishwa na pipa la taka, limelala chali. Wendell alishuka, akalisimamisha, akapanda tena bila kusema lolote. Sikulitegemea hilo kwake.

Fidencio alikuwa nyuma kwenye kochi la Shangazi muda wote. Alipoona, au niseme aliposikia, pipa linaanguka, akasema, "Hilo halikuwa letu, usijali."

18 Agosti

Mabega yanauma. Hata kijiko kizito.

24 Agosti

Leo ilikuwa rivasi.

Asiyekuwa na gari kama hili hajui. Mmoja anaendesha, mwenziwe anasimama nyuma na kumwongoza kwa mikono: njoo, njoo, kulia, taratibu, simama. Kambini watu hutoa viti nje na kukaa kuwatazama wanandoa wakirudisha gari, maana hakuna burudani kama hiyo. Miaka kumi na tisa aliyesimama nyuma nilikuwa mimi, na Fidencio alikuwa akipiga kelele dirishani kwamba mikono yangu haieleweki. Leo zamu imegeuka. Nimekaa juu, yeye nyuma ananipungia kwenye kioo: njoo, njoo, njoo. Nikaja. Nikaja mpaka nikavunja nguzo ya uzio.

"Njoo gani hiyo?" nikamuuliza.

"Samahani, kizee. Jua limenipiga machoni."

Naandika hapa kwamba kulikuwa na mawingu.

29 Agosti

Pilipili za kijani zimeingia. Mbele ya duka wameshaweka yale mapipa ya waya ya kuchomea, na mji mzima wa Aztec unanukia. Tumenunua magunia mawili. Fidencio amezimenya zote kwa vidole, haraka kuliko mimi, hakubakiza ganda hata moja. Nimegandisha mifuko kumi na miwili kwa ajili ya safari. Ningekuwa naendesha kama ninavyopika, ningeshafika Lizard Head.

3 Septemba

Mvua. Hakuna somo.

4 Septemba

Mvua tena. Wendell kaja na ramani, kakaa saa tatu.

7 Septemba

Nimeendesha hadi Shiprock na kurudi! Mimi! Barabara kuu, malori yakinipita kwa kishindo, na upepo ukimsukuma Shangazi kama mtu anayekusogeza kwenye foleni. Karibu na kituo cha mafuta Wendell akasema, "Paa lile lina futi ngapi?" Nikasimama katikati ya barabara nikakataa kuingia mpaka ashuke akasome kibao. Waliokuwa nyuma yetu walipiga honi sana. Wapige.

Tulipokuwa tunarudi nikajikuta naimba. Fidencio akaitikia. Wendell akaomba tunyamaze, tukakataa.

Njiani kanisimulia kwamba mkewe, marehemu sasa, ndiye aliyekuwa akiendesha gari lao, yeye Wendell akisoma ramani. "Alikuwa bora kuliko mimi," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kawaida. Nimemfungia mfuko mmoja wa pilipili.

10 Septemba

Baridi asubuhi. Fidencio katoka nje na kikombe chake, kasema milimani itakuwa imeanza. Anahesabu siku kwa sauti. Zimebaki kumi na nne.

14 Septemba

Leo nitaandika yote.

Kuna desturi kwamba kabla ya safari kubwa unalala kwenye gari hapohapo uani kwako, ili kitakachoharibika kiharibike karibu na nyumbani. Jana tukalala. Jiko sawa, maji sawa, Fidencio alikoroma sawa. Asubuhi tukafanya zoezi la kuondoka, hatua kwa hatua, kama kweli.

Kwenye mlango wa Shangazi pamebandikwa karatasi ya mambo ya kukagua, mistari ishirini na miwili. Fidencio ndiye aliyeitunga, mwaka ule tulipoondoka na ngazi ikining'inia nje tukang'oa sanduku la posta la watu. Tangu hapo ni sheria: yeye anasoma, mimi naangalia na kujibu. Mwaka huu niliongeza mstari wa ishirini na tatu kwa mkono wangu: WAYA WA UMEME. Maana huo waya unaomletea Shangazi umeme wa nyumbani akiwa ameegeshwa, zamani tulikuwa tunauchomeka mbele, dereva anauona. Kiangazi hiki Wendell alitufungia soketi mpya kwenye ukuta wa gereji, upande wa nyuma, na dereva hauoni.

Fidencio akasimama mlangoni na karatasi yake.

"Tangi la maji machafu?"

"Limefungwa."

"Gesi?"

"Imezimwa."

"Kabari za magurudumu?"

"Nimezitoa."

Akaenda hivyo mpaka mwisho. Akakunja karatasi, akasema, "Tayari, kizee. Washa."

Nikawasha, nikaachia breki, nikaenda. Shangazi akavutwa kidogo, nikadhani ni uzito wake tu, nikakanyaga mafuta. Loo! Mlio niliousikia sitausahau. Soketi iling'oka ukutani na kipande cha plasta kikubwa kama sinia, cheche zikaruka, na waya ukaja unaburuzika nyuma yetu kama nyoka. Wendell katoka mbio kwake na suruali ya kulalia, akaenda kuzima umeme wa nyumba nzima.

Niliposhuka nilikuwa nafoka.

"Waya, Fidencio! Mbona hukusema waya?"

"Haumo kwenye karatasi."

"Umo! Nimeuandika mwenyewe, herufi kubwa kama za bango la uchaguzi!"

"Haumo, nakwambia."

Nikaikunjua ile karatasi, nikamsukumia usoni. "Haya, soma. Mstari wa mwisho. Soma!"

Akaishika. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, akageuza kichwa upande. Wendell akaondoka taratibu, akili anazo yule mtu.

"Isaura," akasema Fidencio. Jina langu hulitaja msibani tu. "Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kusoma. Tangu Juni. Nilikuwa naisema ile ya zamani. Naijua kwa kichwa."

Nikakaa kwenye ngazi ya Shangazi. Daktari alituambia macho yanafifia. Fidencio aliniambia mwanga ukiwa mzuri anaona vizuri tu. Asubuhi zote hizi anafunua gazeti mezani na kutikisa kichwa juu ya habari. Na lile daftari alilonitupia! Mwandiko unasomeka, eti.

Halafu nikakumbuka uzio.

"Siku ile ulikuwa unanipungia mikono nyuma. Ulikuwa unaona nini?"

"Gari naliona. Nisichokiona ni limekaribia kiasi gani. Nilikuwa nasikiliza injini."

Unasikiliza injini! Tani sita za chuma zinakujia kinyumenyume, na anayeziendesha ni mwanamke mwenye wiki moja ya kujifunza, nawe unasikiliza injini! Nilimwambia hivyo, na mengine nisiyoyaandika. Ningemsaga. Ningemsaga mume wangu ukutani kwangu mwenyewe, huku namwona kwenye kioo akiniambia njoo, njoo. Nilikasirika, na nilipomaliza kukasirika nikaogopa, na kuogopa kulikuwa kubaya zaidi.

Nimempigia Corina. Nimemwambia mlete huyo mnunuzi wako.

15 Septemba

Sijasema naye.

16 Septemba

Nimesema naye. Nimesema, "Chumvi."

17 Septemba

Wendell katengeneza ukuta. Kauliza kama tunakwenda. Nimemwambia hatuendi. Kaendelea kupaka plasta, kisha akasema, "Pole, jirani. Ulikuwa umeshajua kuendesha." Nililia nikiosha vyombo.

18 Septemba

Leo tumeongea. Nilikuwa nakaanga mayai, naye mezani, bila gazeti.

"Unaona nini?" nikamuuliza. "Ukweli sasa."

"Katikati kuna doa. Kama mtu kaweka dole gumba lenye mafuta kwenye miwani. Popote ninapotazama, doa lipo hapo hapo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema hakuna haja ya kupanda mlima kumwonyesha miti mtu asiyeona."

"Mimi ningesema hivyo?"

"Usingesema. Ungewaza, kwa huruma yako. Halafu ungetafuta sababu nyingine: baridi, mafuta, mgongo." Akacheka kidogo. "Nakujua, kizee."

Mayai yaliungua. Nilitaka kukana lakini sikuweza, kwa sababu tangu Jumamosi nilikuwa nikijiambia mgongo wangu hautaweza safari ndefu.

"Kwa hiyo ukaona bora nikugonge," nikasema.

"Hapo nilikosea. Hapo nakubali nilikuwa mpumbavu."

Katika miaka arobaini na mbili ya ndoa hilo neno amelitumia kwa mashemeji tu. Nikampa yai lisiloungua.

21 Septemba

Corina kafika saa nne asubuhi, uso umekaza. Mnunuzi atakuja kesho. Alisimama uani akiangalia plasta mbichi ya gereji, akaanza: tungekufa kwa umeme, tungeuana, sisi ni wazee tusiosikia la mtu. Nilikuwa nimeshajiandaa kukubali, maana mimi ndiye niliyemwita.

Fidencio akamwacha amalize. Kisha akasema, "Binti, hebu njoo."

Akaweka kiganja kwenye ubavu wa Shangazi, karibu na mlango, akaanza kutembea. Hakukitoa kiganja. Kila alipofika mahali akapapasa na kutaja: ngazi, imekunjwa. Mfuniko wa gesi, umefungwa. Gurudumu, kabari ipo. Bomba la maji. Tangi. Waya. Akamaliza mzunguko mzima akarudi mlangoni. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona akifanya hivyo, na nikajua papo hapo kwamba amefanya mara nyingi, peke yake, nisipokuwapo.

Corina hakusadiki. Ni mtoto wake kweli. "Nenda ndani, Baba, usichungulie," akamwambia, halafu akazunguka kwa kunyata. Akafungua mfuniko wa gesi. Akatoa kabari moja akaificha chini ya gari lake. Akauchomoa waya nusu, ukabaki umening'inia kwenye soketi kama umechomekwa. Mimi mwenyewe ukinisimamisha pale nisingeuona.

Fidencio akatoka, akaweka kiganja. Mfuniko: "Wazi." Gurudumu la nyuma: "Kabari umepeleka wapi?" Alipofika kwenye waya akaushika, akautikisa mara moja. "Huu umechomoka nusu. Ungetuunguzia nyumba, Corina, ndivyo nilivyokulea?"

Corina akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio. Kumbe si kwamba anatudharau. Kasema kila safari yetu, wiki mbili zote, hulala na simu mkononi akingoja polisi wampigie. Miaka kumi na tisa! Hakuwahi kutuambia, na mimi nilidhani ni ubabe tu. Nikamkumbatia palepale uani, ananizidi urefu, nikamwambia nitampigia kila jioni tukiegesha.

Kisha tukakaa watatu mezani kwa Shangazi, tukala maharage na pilipili, tukaweka sheria mpya. Karatasi itoke mlangoni. Fidencio anakagua kwa mkono akitaja kwa sauti, mimi nafuata nyuma yake kwa macho. Rivasi hakuna mtu kusimama nyuma, asilani. Nashuka mwenyewe, natazama, napanda, narudisha kidogo, nashuka tena. Hata mara kumi.

"Kambini watakaa na viti kukutazama," akasema Corina.

"Nitawaletea na kahawa."

Jioni Corina kampigia mnunuzi. Nimesikia akisema, "Hapana, wazazi wangu bado wanalitumia."

23 Septemba

Redio imetaja theluji kidogo milimani wiki hii. Fidencio kakagua Shangazi mara tatu.

24 Septemba

Tumetoka saa mbili na robo asubuhi. Waya tumeuchomoa, tumeukunja, tumeuweka ndani, tumeubusu. Wendell kasimama barabarani na kofia mkononi akipaza sauti, "Kioo!" mpaka tulipokata kona.

25 Septemba

Bluff. Mawe, jua, upepo. Kuingiza Shangazi kambini nimeshuka mara saba. Watu walikaa na viti. Mwishoni wamepiga makofi, na bibi mmoja kaja kuniuliza kama naweza kumfundisha.

26 Septemba

Mvua jangwani, na kwa mbali juu ya milima weupe. Fidencio kauliza, "Theluji?" Nikasema ndiyo. "Basi majani yataanguka," akasema, akaingia ndani. Nimepika mikate ya tortila mingi kuliko tunayoweza kula.

27 Septemba

Kupanda kutoka Dolores nimeshika usukani kwa vidole kumi vyote na sala tatu. Kushoto mto, kulia ukuta wa mlima, na Shangazi analalamika kwa gia ya pili. Nyuma yetu magari tisa. Nilisogea pembeni yakapita, mmoja akanipungia mkono vizuri, mwingine vibaya. Fidencio hakuuliza hata mara moja kama naona manjano, na mimi niliogopa kumwambia kwamba kufikia hapo nilikuwa sijaona, miti mingi ilikuwa imeshavuliwa na ile theluji.

Halafu tukakata kona ya mwisho chini ya Lizard Head, na mlima wote ulikuwa unawaka.

Nikaegesha pembeni, nikazima injini. Hatukuhitaji rivasi. Fidencio akashuka akiushika mlango, akatembea hatua chache, akasimama. Nikaenda kusimama mbele yake. Akanikodolea macho mimi.

"Miti iko kushoto kwako," nikamwambia.

"Najua iko wapi."

"Mbona unanitazama mimi, basi?"

"Wewe sikuoni, kizee, umekaa kwenye doa. Pembeni ndiko ninakoona." Akainua mkono akaonyesha bila kugeuza uso. "Ule wa juu kabisa bado ni kijani. Wale watatu karibu na mwamba wamebaki nusu. Na huku chini yote ni manjano mpaka mtoni."

Nikageuka nikatazama. Ule wa juu kabisa ulikuwa kijani. Nililia kwa sauti, sikuona haya, na magari yalikuwa yanapita.

Akakaa hivyo muda mrefu, akiitaja. Kisha akageuza kichwa polepole, akaelekeza uso wote mlimani.

"Sasa hutaiona," nikasema. "Umeitazama moja kwa moja."

"Miti nimeshaiona," akasema, uso ukiwa bado kule. "Sasa nakuona wewe."

Nikasimama palepale. Sikusogea mpaka aliposema inatosha, na hakusema upesi.